Unga wa Wenyewe

Barua ilimkuta shangazi Ayikoru
mlangoni pa kinu chake, Arua, upande wa Oli,
nyusi nyeupe kwa vumbi la muhogo.
Akanipa nimsomee, kwa kuwa mimi
nilisomea sheria miezi mitano
kabla karo haijanishinda.

Milioni kumi na nane, laki sita na arobaini elfu.
Nikasoma mara mbili. Akazima mashine.
Kimya kile cha kinu sikuwa nimekisikia
tangu siku ya kumzika mumewe.

Afisa alikuja mwezi Machi,
kijana mpole, kalamu mbili mfukoni.
Alihesabu magunia yaliyoingia, yaliyotoka,
akayazidisha kwa bei ya sokoni,
jumla yake akaiita mauzo.

"Mwanangu, unga ule si wangu.
Driwaru huja na muhogo wake,
huondoka na unga wake.
Changu pale ni mlio,
na hili vumbi la kwenye kope."

Nikamwambia: hiyo ndiyo hoja, shangazi,
usiimalize kwa kulia.

Sheria ina lugha yake.
Inaposema "mtu", kampuni imo,
ubia umo, ushirika umo,
nawe umo, na kandambili zako.
Inasema makadirio yakishaandikwa
yanasimama kama kweli
mpaka wewe uyaangushe.
Mzigo wa kuthibitisha ni wako.
Akacheka: "Mzigo?
Umeniona lini sina mzigo?"

Siku arobaini na tano za kupinga;
si tangu uelewe, tangu upokee.
Tulizihesabu kwa mkaa ukutani.

Ushahidi wetu ulikuwa daftari
la Ejoyi, aliyeacha shule darasa la sita:
mbele hesabu za sehemu, zimekosewa kwa wino mwekundu,
nyuma majina, madebe, sarafu,
yote kwa Kilugbara.
Sheria inataka Kiingereza.
Tukamlipa mfasiri elfu themanini
aape, kwa muhuri, kwamba
"madebe mawili, Driwaru, bado hajalipa"
maana yake ni
madebe mawili, Driwaru, bado hajalipa.

Pingamizi tulilipeleka siku ya arobaini na tatu.
Ndipo zikaanza siku zao, tisini.
Nikamwonyesha kifungu ninachokipenda:
wakinyamaza mpaka tisini zipite,
una ruhusa kukihesabu kimya chao kuwa ni ndiyo,
ila sharti uwaandikie kusema hivyo.
"Na mimi ningenyamaza?"
Kimya chako, shangazi, ni deni.

Jibu lilikuja siku ya themanini na nane.
Wamekubali: unga ni wa wenyewe.
Ila mlio, wanasema, ni wake,
na mlio ulimwingizia fedha,
na fedha hiyo ina kodi,
milioni moja na laki nne,
na faini juu yake.

Aliikunja barua mara nne, akaikunjua.
"Mlio ni wangu, nilisema kwa mdomo huu.
Nitaulipia.
Lakini faini ya nini?
Walikosea wao hesabu ya kwanza,
mbona nitozwe mimi kwa kuchelewa
kulipa hesabu ya pili?"

Nikamweleza habari za baraza la rufaa:
siku thelathini, hazingoji mvua wala msiba;
sehemu ya kodi huwekwa mezani
kabla kinywa hakijafunguliwa;
na unaweza kushindwa, ukarudi
na nauli imekwenda.
Nilitaka kuongeza kwamba
hata mimi sijui kama tuna haki
au tuna hasira tu.

Hakunijibu.
Aliokota mkaa, akapiga mstari mmoja
chini ya ile arobaini na tatu,
akazungusha hendeli ya injini,
kisha akasema jambo,
midomo niliiona,
lakini mlio ulikuwa umeshaanza.